Honi Ambayo Baba Hakuisikia

Morogoro, 11 Juni 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, ila tangu juzi nakuwaza wewe tu. Shangazi Apolinaria amenipigia simu akasema umegongwa na gari pale darajani ukienda Tabora kwa baiskeli kuuza asali, na mtulinga, ule mfupa wa begani, umevunjika. Nikamwambia akupe simu, kisha nikakumbuka kwamba hata ningepiga kelele usingesikia. Basi naandika kama siku zote, na barua nampa kondakta wa basi la Tabora.

Unalalaje na bega hilo? Shangazi anakuogesha au unamkatalia? Usimkatalie, baba.

Nina neno jingine, usinikasirikie. Shangazi anasema yule dereva alipiga honi tena na tena, nawe hukusogea. Mimi ninaendesha lori, najua tunavyoona tukiwa kule juu. Tukipiga honi na mwenye baiskeli asisogee, tunasema huyu mbishi, au kalewa. Masikio yako yamekwisha tangu ile homa, na siku hizi barabara ni ya lami, magari yanakwenda mbio. Nakuomba baiskeli umpe mtu. Asali nitatafuta mnunuzi wa kuifuata hapo hapo nyumbani.

Upone upesi.

Binti yako,
Yustina

Kigwa, 24 Juni 2023

Mwanangu Yustina,

Marahaba. Barua nimeipata. Mimi nina nafuu, bega linauma nikikohoa tu. Shangazi yako ananiogesha kama anasugua sufuria iliyoungua. Na wewe mgongo wako vipi, na safari hizo ndefu?

Umenieleza wanavyoona walio juu. Sasa msikilize wa chini.

Pale darajani lami imebanwa, na waliokuja kutengeneza kingo wameacha lundo la mawe pembeni. Ningesogea wapi? Mbele lilikuwa linakuja lori, nyuma yangu gari dogo. Angesubiri kidogo tu nimalize daraja, kila mtu angepita. Hakusubiri. Kioo chake kikanipiga kiwiko, nikaangukia mawe, na asali yote ikamwagika.

Honi sikuisikia, ni kweli. Lakini mchana ulikuwa mweupe, nimevaa shati jeupe, na ndoo ya njano iko kwenye keria. Mimi sikumsikia, yeye aliniona. Kila anayekuja kunijulia hali ananiandikia kwenye karatasi: kwa nini hukusikia? Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini yule hakukanyaga breki. Nilidhani wewe ungeuliza.

Njia hii wazee wetu waliipita na mizigo ya watu wengine kichwani, wakienda pwani na kurudi. Mimi naipita na asali yangu mwenyewe, na ninaipenda. Masikio yamenitoka, watu wakiongea nabaki natazama midomo. Nikiwa juu ya baiskeli tu ndipo sijioni nimepungukiwa. Habari ya kuigawa tusiandikiane tena mpaka uje upaone mahali penyewe.

Baba yako,
Hilari

Urambo, 3 Septemba 2023

Baba,

Shikamoo. Bega linaendeleaje? Shangazi hajambo? Mgongo wangu mzima.

Najua nimekaa kimya mno. Barua yako ilinikasirisha. Nilisema, baba ananifanya mimi ndiye niliyemgonga. Nikaiweka, nikaisoma tena, nikaiweka.

Juma hili nimeletwa Urambo kupakia tumbaku. Nilipofika pale darajani niliegesha lori mbele, nikarudi kwa miguu. Mawe bado yapo. Nikasimama ulipokuwa. Likaja basi, na lilipopita upepo wake ulinisukuma mpaka nikashika kingo kwa mikono miwili. Baba, mimi niko barabarani kila siku, lakini sijawahi kusimama chini namna ile.

Halafu sikuja nyumbani. Toka pale naona mti wa kanisani kwetu, na sikuja. Niliona aibu kuutazama uso wako. Nilipanda lori nikaondoka.

Nilipoipita Tabora, mbele yangu akatokea mama mmoja juu ya baiskeli, mtoto mgongoni, furushi kwenye keria. Basi linakuja upande wa pili. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye honi, maana ndivyo tunavyofanya: unapiga honi, unapita, na aliye mbele atajua mwenyewe pa kwenda. Nikawaza, na huyu je, kama hasikii? Nikakanyaga breki. Aliyekuwa nyuma yangu akanitukana matusi ambayo siwezi kukuandikia. Nikamfuata yule mama polepole mpaka basi likapita, kisha nikampita kwa mbali. Hakugeuka. Mpaka sasa sijui kama alijua nilikuwa pale.

Miaka yote hii nimekuwa nikipiga honi nikidhani nimeshafanya sehemu yangu.

Nisamehe, baba. Swali ulilongoja kwangu ndilo hili: kwa nini hakukanyaga breki?

Wako,
Yustina

Kigwa, 17 Septemba 2023

Yustina mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Shangazi yako alinikuta nikilia juu ya barua yako akadhani kuna msiba.

Jibu la swali lako lilikuja lenyewe hapa nyumbani. Yule dereva ni kijana, anaitwa Yaser, wa ukoo wa wafanyabiashara pale mjini. Alikuja na mama yake, Bi Lamya. Alikaa kwenye mkeka hataki hata kunitazama. Shangazi akamwambia, “Mwandikie, huyu hasikii.” Kijana akashtuka. Kumbe hakuwa anajua! Akaandika: *Mzee, nilidhani umenisikia ukakataa.* Basi hasira yake yote ilitoka hapo. Alidhani nashindana naye.

Mama yake akamsemesha kwa ukali, maneno siyajui, lakini alimnyooshea kidole mpaka kijana akainamisha kichwa. Shangazi akaniandikia baadaye: alisema, “Na angekataa je, ndiyo umgonge?”

Nimemsamehe. Askari alipokuja kuchukua maelezo aliandika kosa ni la gari, na ndivyo lilivyo. Ila mwanangu, nawe nikuambie la kwangu. Kabla ya kuingia darajani sikutazama nyuma. Asiyesikia inabidi atazame, nami nilikuwa nikiendesha kama mtu mwenye masikio yake. Fundi amenifungia kioo kwenye usukani, na koti lenye mistari ya kung’aa Yaser ameleta mwenyewe.

Mfupa umeshika. Nataka kuvuka lile daraja tena, na naogopa. Njoo. Aibu iache huko huko Morogoro.

Baba yako

Kigwa, 15 Oktoba 2023

Mwanangu,

Natumaini umefika salama na lori halijakusumbua. Sisi wazima. Shangazi anasema nyumba imepoa tangu uondoke.

Nataka kukuandikia kabla furaha haijatulia. Tulipotoka asubuhi ile, wewe nyuma yangu na baiskeli ya shangazi, nilikuwa nakuona kwenye kioo, umekaa upande wa magari ili wakuone wewe kwanza. Tulifika darajani. Nikatazama kwenye kioo na wewe hupo! Nilitaka kusimama, lakini nilikuwa nimeshaingia. Nikaendelea kukanyaga, kingo hizi hapa, mawe yale pale, mpaka nikatokea upande wa pili.

Ndipo nikageuka. Magari yamejipanga, lori moja, basi, na mengine nyuma, yote yamesimama. Na wewe umesimama katikati ya lami, mkono juu, baiskeli umeilaza chini. Dereva wa lori ametoa kichwa dirishani, anasema, mdomo wazi kabisa. Nawe ukamjibu neno fupi. Nikaona amerudisha kichwa ndani, akazima gari.

Jioni nilitaka kukuuliza, nikaona umechoka. Ulimwambia nini?

Baba yako

Morogoro, 29 Oktoba 2023

Shikamoo baba,

Nimefika salama, nami mzima. Yule dereva alisema, “Dada, unatufungia barabara kwa sababu gani?”

Nilimwambia, “Baba yangu anavuka.”

Binti yako,
Yustina