Siku kamyo ilijivuta yenyewe

Mujukuu wangu Asumani,

Najua unacheka, kwani tunalingana miaka. Lakini mimi ni mudogo wa nyanya yako, kwa hiyo ni nkambo yako, uniheshimu! Huku Kabambare tuko salama. Karanga zimezaa vizuri, na mama yako amepona kikohozi.

Unauliza ni winchi gani, ile mashine ya kuvuta kwa waya, mufunge kwenye ile kamyo ya zamani ya jeshi muliyonunua Salamabila. Mimi si fundi, nitakuambia tu nilichoona.

Kwa kamyo yake, mume wangu alichagua ile inayozungushwa na motere, injini yenyewe ya kamyo, akaacha ya batri. "Batri inakufaga katika matope," alisema. Akaifunga mbele, kwenye shasi, ile mifupa ya chuma inayobeba kamyo. Kwenye bampa alikataa: "Hiyo itang'oka, kamyo ibaki."

Siku uchungu uliponishika, tulizama katika matope njiani kwenda hospitali ya Kasongo. Abiria wakashuka kusukuma, wakaanza wimbo kama kawaida. Mume wangu, aliyekuwa amefunga waya ya winchi kwenye muti mukubwa mbele, akapiga kelele: "Mutoke! Ikikatika itawakata!"

Wakasogea, wimbo ukazimika. Kisha kamyo ikajivuta yenyewe, polepole, kama mutu anayepanda kwa kamba. Abiria wakasimama kuiangalia. Hata mimi nilisahau maumivu.

Mama mumoja akauliza, "Sasa sisi tufanye nini?"

"Mupande, mama," mume wangu akajibu.

Binti yangu alizaliwa Kasongo, jua likiwa bado juu. Basi mukikaza buloni za winchi, musifikirie uzito wa kamyo peke yake. Hamujui ni nani atakuwa amekaa ndani.

Nkambo yako anayekupenda,
Mama Zaina