Bei ya Bega Langu

Edmonton, London

Kaka yangu mpenzi Suleiman,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakufikia ukiwa mzima, wewe na wifi yangu na watoto, pamoja na Mama yetu kipenzi. Kwa kawaida hapa ndipo ninapoandika kwamba mimi pia ni mzima wa afya, hofu ni kwenu tu. Leo sikuandika hivyo, na ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Ujumbe wako nimeupata kwa mgeni aliyetoka huko. Umeniuliza kama ni kweli kwamba Ulaya mtu akigongwa na gari anatajirika, halafu ukadokeza kwamba kuna kiwanja kizuri kinauzwa Fuoni. Nilicheka mpaka bega likaniuma. Kaka, hicho kiwanja mwachie mwenyewe. Lakini madhali umeuliza, nitakueleza bega la mdogo wako lina bei gani huku, maana siku hizi nimekuwa bingwa wa mambo hayo.

Kwenye simu nilikwambia nimeguswa kidogo na gari. Haikuwa kidogo. Nilikuwa nakwenda kazini asubuhi, navuka pale kwenye mistari myeupe ambapo gari zote ni lazima zisimame, na gari la kupeleka mikate halikusimama. Lilinitupa nikaangukia bega la kulia, mfupa wa mtulinga ukavunjika. Dereva aliteremka, akaniuliza kama niko salama. Mimi nimelala barabarani, kiatu kimoja sijui kiko wapi, nikamjibu, "I'm fine, thank you." Polisi alipokuja akauliza, nikamjibu vilevile. Tumelelewa hivyo, kaka. Mtu akikuuliza hali unamwambia nzuri, unamshukuru Mungu, na shida zako unazitoa baadaye akikuuliza tena. Hawa wenzetu wakishajibiwa hawaulizi tena.

Kazi yangu unaijua, kulea wazee, kuwainua kitandani na kuwaogesha. Kwa bega hili sikuweza tena, nikakaa nyumbani bila mshahara. Shoga yangu mmoja akanipeleka kwa mwanasheria, Bi Nirmala. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Darajani, wakaondoka baada ya mapinduzi yeye akiwa msichana mdogo. Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa, na makubaliano yake ni kwamba kesi ikishindwa hanidai chochote.

Yeye ndiye aliyenifundisha hesabu yenyewe. Hapa hakuna bei moja ya ajali. Kwanza wanaangalia maumivu: ni kiungo gani kimeumia, kitauma kwa muda gani, na kama kitarudi kama zamani au la. Majaji wana viwango vyao kwa kila kiungo, cha chini na cha juu, na unapoangukia ni kwa mujibu wa ripoti ya daktari. Halafu wanaongeza ulichopoteza, yaani mshahara, nauli za hospitali, dawa, hata jirani aliyekupikia na kukufulia anahesabiwa masaa yake. Jirani yangu nilipomwambia aniandikie masaa hayo alikasirika, akaniuliza tangu lini wali wa mgonjwa ukakatiwa risiti.

Basi nikapelekwa kwa daktari wa kuandika ripoti. Mtu mpole, koti limenyooka. Akaniuliza, "How are you?" Unajua nilivyomjibu. Akauliza kama nalala, nikasema alhamdulillahi nalala. Akauliza kama nanyanyua vitu, nikasema najaribu. Nilitoka pale najiona nimefanya heshima. Ripoti ilipokuja ilisema bega limepona vizuri, na kampuni ya bima ya yule dereva ikanitaka nitie saini nipokee fedha za kununulia kochi, kochi lenyewe la mtumba.

Nilikuwa tayari kutia saini. Bi Nirmala akaniita ofisini.

"Hujambo, dada?"

"Sijambo."

"Bega je?"

"Afadhali, tunamshukuru Mungu."

"Haya, niteremshie lile faili pale juu ya kabati."

Nikanyoosha mkono. Ukafika usawa wa bega ukakwama, na mimi nikatafuta pa kuficha uso.

"Bi Zuhura," akasema, "sisi watu wa Unguja tutakata roho huku tunasema hatujambo. Mamangu alikuwa hivyohivyo. Yule daktari hajui kama ile ni salamu tu. Yeye ameiandika!"

Akaomba nionwe tena. Safari hii nilikwenda na binti yangu, na daktari alipouliza hali, ile salamu nikaimeza. Kisha nikamwambia kweli. Nikamwambia siwezi kufunga mtandio wangu mwenyewe, mwanangu ndiye anayenifunga kabla ya kwenda skuli. Kwamba usiku naamka kila nikigeuka. Kwamba tangu ajali nasali juu ya kiti, kwa sababu nikienda sijida mkono haunibebi. Hapo nikalia, kaka, mbele ya mwanamume nisiyemjua. Niliona haya sana, na nilipomaliza nikajihisi mwepesi. Binti yangu akanishika mkono akasema, "Mama, you never told me." Anakifahamu Kiswahili chetu chote, na maumivu hayo sikuwa nimemwambia kwa lugha yoyote.

Ripoti ikaandikwa upya. Barua ya bima ikaletwa nyingine, na hiyo niliikubali. Utajiri haumo, ila nimerudishiwa mishahara yangu yote, nimepata kazi ya kupanga zamu za wenzangu badala ya kuinua wagonjwa, na nauli ya kuja nyumbani ninayo. Sasa nikifika dukani tunakonunua vyakula vya kwetu, wanawake wetu wananiuliza habari za kesi zao, nami nawauliza kwanza wamemjibu nini daktari.

Nisalimie sana wifi yangu, shangazi yetu wa Mkunazini, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliyekuwa akituchapa.

Salamu za Mama nimeziweka mwisho kwa makusudi. Mara ya mwisho nilipopiga alisema hajambo, akakupa simu upesi. Mama, ambaye siku zote huzungumza mpaka kadi inakwisha, hata hakuniuliza nimekula nini. Nawe ukaniambia hamjambo nyote. Nilikuwa nimepanga kuja Idi. Nikihitajika kabla, nakuja wiki hii hii. Kwa hiyo kaka, ukimaliza kusoma, nenda chumbani kwake ukamuulize hali. Akishakujibu, kaa kitandani pake, umuulize tena. Jibu la kwanza usiniletee.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura