Mpenzi Asiye na Kaburi

Mmepotea, nyinyi watu. Tangu mvua ndefu ianze hakuna aliyeniandikia isipokuwa mzee mmoja wa Rongo aliyeuliza dawa ya kuku. Nikadhani mmepata akili, sasa Dani, bibi yenu huyu, wa nini? Kumbe mnalia mkiwa mmejifungia ndani, machozi yanaishia kwa mto. Aibu kwenu. Kisha ikaja hii barua. Nimesomewa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilisimama nikatoka nje. Isikieni kwanza, halafu nitamjibu mwenyewe.

*

Dani mpendwa, nisaidie kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na nakuomba usinicheke na usimwambie pasta wetu.

Naitwa Emmaculate, nina miaka kumi na saba na niko kidato cha tatu shule ya kutwa hapa Macalder. Baba alishafariki, tumebaki mimi na mama yangu Rael ambaye anaosha dhahabu, na mikono yake imeanza kutetemeka kwa sababu ya ile zebaki wanayokoroga na mchanga, siku hizi hata kikombe cha chai namshikia mimi na yeye hajafika hata miaka arobaini, na usiku nikimwona amelala mikono bado inacheza juu ya blanketi nasema moyoni, Mungu, mimi nisifike hapo.

Jumamosi huwa nasaidia kuuza matumbo kando ya kichinjio na hapo ndipo nilimjua Benard. Yeye huja jioni jua likishazama, au kukiwa na mawingu mazito, amevaa kofia ya jaketi, amebeba mtungi, ananunua damu ya ng'ombe. Wachinjaji humcheka, wanamuuliza, "Wewe kijana, una mbwa wangapi?" na yeye anajibu, "Mmoja tu, lakini ana kiu." Mimi nilicheka hiyo siku na yeye akanitazama, Dani, hakuna mtu amewahi kunitazama vile, ni kama mtu aliyesahau kicheko kinatoka wapi. Tukaanza kuongea. Nilimletea chapati, akaishika mpaka ikapoa akanirudishia akasema harufu yake imemtosha. Mkono wake ni baridi kama jiwe la mtoni lakini ni mpole, hajawahi kunikosea heshima hata mara moja.

Halafu akaniambia ukweli. Kwao ni Kendu Bay, alikuja huku kuchimba dhahabu, shimo likawaangukia, wenzake wakatolewa, yeye hakupatikana. Alitoka mwenyewe baadaye sana, watu wakiwa wameshaacha kuchimba, akiwa na kiu ambayo maji hayakati, na tangu siku hiyo hajaongeza hata siku moja mwilini, jua linamchoma na kufa hafi. Nikamwambia aache uongo. Akasema, "Nenda Kendu Bay umuulize mama yangu, Bathsheba."

Nilienda, nilimdanganya mama kwamba tuna safari ya kwaya. Nilimkuta mama mzee sana, macho hayaoni vizuri, mlango wake uko wazi kabisa na mezani kuna samaki amefunikwa na sahani. Akaniuliza, "Wewe ni wa Benard?" Nikasema hapana, nimesikia tu jina. Akasema, "Yuko Tanzania, atarudi." Picha yake iko ukutani, Dani, ni yeye, mpaka lile pengo la meno. Jirani mmoja alinisindikiza barabarani akaniambia, "Huyu mama alitukataza kuzika yago. Wazee walileta hilo tunda tulizike badala ya mwili, kama tunavyofanya kwa mtu asiyepatikana, akawafukuza na mchi wa kinu. Mpaka leo analala mlango wazi." Nililia mpaka nikafika nyumbani.

Sasa Benard anasema anaondoka, anavuka mpaka, kwa sababu watu wameanza kuona kwamba hakui. Anataka twende wote. Anasema anaweza kunifanya kama yeye, itauma mara moja tu shingoni, halafu sitazeeka, mikono yangu haitatetemeka, na hakuna kitu kitatutenganisha milele. Anataka jibu shule zikifungwa, na hiyo ni wiki ijayo. Nikikataa nitazeeka nikimkumbuka na yeye atakuwa vilevile huko aliko, na nikikubali, nani atamshikia mama kikombe? Nilimuuliza, "Na mama je?" Akainua mtungi wake. Halafu akasema, "Mama huzoea."

Hilo neno linanichoma mpaka sasa lakini bado nampenda. Nifanye nini, Dani?

Emmaculate, Macalder

*

Emmaculate, nyathina, mtoto wangu, sogea karibu. Sikucheki. Hao wa sinema wana jina lao la mtu kama Benard, wanampaka poda na kumvalisha koti refu. Sisi huku tunamjua bila poda. Ni mtu ambaye ardhi haikumpokea kwa sababu watu wake hawakumkabidhi. Ile kiu yake ni ya kukosa kuliliwa. Damu anainywa tu, haimsaidii. Ingekuwa inamsaidia angekuwa ameshiba zamani.

Lakini wewe! Safari ya kwaya? Mama yako anakaa kwenye matope akikoroga sumu ili uvae sketi ya shule, na wewe unamwimbia uongo? Ningekuwa karibu ningekufinya hilo sikio.

Haya. Nimeshakuchapa, sasa tuongee.

Huyo kijana amekwambia mama huzoea. Ulikaa kwa Bathsheba, ulimwona. Amezoea nini yule? Amezoea kupika samaki kwa mtu asiyekula? Amezoea kulala upepo wa ziwa ukimpiga miguu? Mlango wa mama yake uko wazi miaka yote hii, Emmaculate. Muulize Benard kwa nini haingii. Nitakwambia mimi. Akiingia na uso uleule wa kwenye picha, mama yake atajua kwamba alikufa. Kwa hiyo yeye anabaki nje, mama anabaki akingoja, na hakuna anayepumzika. Anajua vizuri sana kwamba mama hazoei. Alikudanganya kwa sababu yuko peke yake na anaogopa. Hilo namsamehe, alikuwa mtoto shimo lilipomfunika. Lakini kusamehe si kukupa shingo yako.

Unasema hutaki kutetemeka. Nakuelewa, nyathina. Mimi magoti yangu yanalia nikiinuka, meno yamebaki machache ya kuwaonyesha wageni. Kuzeeka hakuna utamu. Lakini hebu tembea mbele kidogo na huo umilele wako. Mama Rael atatetemeka, halafu siku moja hatatetemeka tena. Sisi tunazika mchana, jua likiwa juu. Wewe utasimama wapi? Watu watatupa udongo, pasta ataita, "Mtoto wa marehemu yuko wapi?" na mtoto wa marehemu amejificha kwa giza la nyumba ya mtu mwingine, ana miaka kumi na saba, ana mikono mizuri isiyotetemeka, na haiwezi kushika hata konzi moja ya udongo wa mama yake. Hiyo ndiyo milele unayopewa. Itauma mara moja, anasema. Muongo! Itaanza hapo kuuma.

Mzee wangu nilimzika. Amelala nyuma ya boma, upande wa mboga. Nikienda kuchuma osuga nampitia, namwambia ng'ombe gani amezaa na mtoto gani ni mjinga. Hajibu, hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kujibu. Lakini najua yuko wapi, na yeye anajua nitalala wapi. Mimi upendo wa milele niliouona ni huo, na una kaburi.

Sasa fanya hivi, na usinipunguzie hata kidogo.

Leo, kabla chai haijapoa, mwambie mama yako yote. Akikupiga, pigwa. Akilia, lia naye. Kisha mwende pamoja hospitali waangalie hiyo mikono, na aache zebaki. Afadhali auze matumbo na wewe. Asikwambie atakwenda mwezi ujao.

Benard mwambie jibu mwenyewe, pale kichinjioni, watu wakiwapo, na ujifunge leso shingoni. Usitume mtu. Mwambie, "Nakupenda, na siendi." Mwambie pia unakwenda kwa mama yake. Kama anakupenda atainamisha kichwa tu. Akikasirika, basi alikuwa anapenda damu, na hayo machozi yako uyaanike yakauke.

Halafu wewe na Rael mwende Kendu Bay. Mchana. Mkae na Bathsheba, mama na mama, na umwambie ukweli wala usiutie sukari: kwamba umemwona mwanawe, kwamba ana sura ileile, kwamba amechoka. Atakutukana. Huenda akautafuta ule mchi. Usitoke. Mle huyo samaki pamoja naye, asilale tena mezani. Ni yeye peke yake anayeweza kuwaita wazee warudi na yago. Alilikataa kwa sababu alidhani akilizika atakuwa amemuua mtoto wake. Akina mama wengi wa ziwani na wa migodini wamekosea hapohapo, na mimi siwalaumu, nani anataka kuweka tunda kwenye shimo na kuliita jina la mtoto wake? Lakini mtu aliyekufa akikosa hata hilo, anabaki mlangoni kwa watu.

Hilo yago walivalishe shati la Benard. Waliweke katika boma la baba yake, walilie usiku kucha kama inavyopasa. Na asubuhi yake Bathsheba afunge mlango.

Sikufichi lililo baada ya hapo: ardhi itampokea Benard. Jumamosi itafika, mawingu yatakaa, na mtu wa mtungi hatakuja. Wachinjaji watauliza, "Yule wa mbwa ameenda wapi?" na wewe utaendelea kukata matumbo. Utamkumbuka kila unaponoa kisu. Utaolewa, utazaa, na siku moja ukipika chapati utaishika mpaka ipoe bila kujua kwa nini. Hakuna dawa ya hiyo. Mtu aliyependa huibeba.

Siku ya yago hakuna atakayekupa kiti cha mjane, kwa sababu hukuwa mke. Simama nyuma, lia kwa sauti, usimeze. Na wale wa nyumbani wakinyolewa nywele za matanga, nawe inama unyolewe. Shuleni hawatauliza, wao wanapenda vichwa vya upara.

Kisha uje kwangu. Usiniandikie tena, njoo mwenyewe, mchana, na mama yako, na hicho kichwa kitupu usikifunike na kitambaa njiani. Mafuta nitakuwa nayo, nikupake kwa mikono yangu.