Niliweka Alama Penye "Nzuri"

Jumamosi, Agosti 1989

Joto. Tangu asubuhi upepo wa ziwani umekataa kuja, na mabati yanalia juu ya kichwa changu. Nimejifungia chumbani, kitabu cha kemia kiko wazi mbele yangu ili mtu akiingia aone ninasoma. Sisomi. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Leo orodha ya sare za shule ilibandikwa ukutani kwenye ukumbi wa kanisa. Jina la Awino halipo.

Nitaeleza tangu mwanzo, kwa sababu nimeona tayari nimeanza kuibadilisha hadithi hii kichwani ili nitokee mwema.

Kanisa letu lina huduma ya mavazi. Marobota ya mitumba hutoka ng'ambo, kamati ya akina mama wa Milimani, mtaa wa matajiri, huyafungua, na kila mwezi watu wa huku Nyalenda hupanga foleni. Kila muhula pia, watoto wachache wasiojiweza hushonewa sare mpya. Mwaka huu wafadhili walitaka kujua kama nguo zao zimebadilisha maisha ya mtu yeyote. Wakamtuma mwanamke kutoka Nairobi, sote tulimwita Madam, apite nyumba kwa nyumba na fomu. Alihitaji mtu wa kumtafsiria Kijaluo, mwenye mwandiko unaosomeka. Baba, ambaye ni mwalimu, akanitaja mimi. "Msichana huyu hasemi," alimwambia, "lakini anaandika."

Madam alinipa masharti mawili. Nitafsiri kilichosemwa tu, nisiongeze langu. Na nisimwambie mtu kwamba tunakuja, kwa sababu alitaka kuwaona watu jinsi wanavyoishi kila siku.

Sharti la pili nililivunja siku hiyo hiyo.

Nilijiambia ni adabu. Mgeni hamwangukii mtu kama mvua, mtu hana hata sukari nyumbani. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Nilitaka pia watu wajue kwamba nimechaguliwa. Mimi, ambaye darasani nikiulizwa swali natazama viatu, nilipita mlango kwa mlango Jumatatu jioni nikitangaza mgeni, na kila mama aliacha kazi yake kunisikiliza. Ilikuwa tamu.

"Nyar Mwalimu," Mama Awino aliniita, ndivyo wanavyoniita hapa, binti wa Mwalimu, "huyo mgeni wako ni wa chai ama ni wa soda?"

"Wa chai, nadhani."

"Basi Mungu amenihurumia. Chai naweza kuazima."

Jirani yake, Mama Okello, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua: "Azima na meno pia, ukicheka mgeni asikimbie!" Wakacheka mpaka Mama Awino akaweka chini karai lake la samaki wa omena. Mimi pia nilicheka. Sikuona nilichokuwa nimefanya.

Jumanne tulianza kwa Mama Okello. Sikuitambua nyumba. Viti vyote vilikuwa na vitambaa vyeupe vya kufumwa, na mezani palikuwa na chupa kubwa ya chai, nyekundu, yenye maua. Tulipofika nyumba ya pili, chupa ile ilikuwa imeshatutangulia kwa mlango wa nyuma. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mama Awino. Chupa ilikuwa mezani, na vitambaa vya Mama Okello vilikuwa vitini. Mama Awino mwenyewe alikuwa amevaa suti ya buluu ambayo dada yake Mama Okello huvaa Pasaka. Awino, rafiki yangu, alikuwa ameketi pembeni amepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa, ndani ya gauni la mtu fulani.

Madam alikunywa chai tatu siku hiyo kutoka chupa moja na hakujua.

Nataka kuandika nilichokijua wakati nimeketi pale, kalamu mkononi. Nilijua Mama Awino ni mjane. Nilijua kwamba mwaka jana alipata kwenye foleni koti zito la baridi, lenye manyoya shingoni, na kwamba watoto wake wanne hulala chini ya koti hilo kwa sababu hawana blanketi. Hiyo ndiyo faida ya huduma ya mavazi katika nyumba ile. Kama wafadhili walitaka jibu, jibu lilikuwa limesukumwa chini ya kitanda ili lisimwaibishe mgeni. Niliuona ukosi wake wa manyoya.

Nilijua pia kuhusu Awino. Yuko darasa la nane. Sare yake imepasuka kwapani na mgongoni, imeshonwa hadi uzi hauna pa kushika. Muhula uliopita alirudishwa nyumbani mara mbili, na mwalimu mkuu akasema muhula wa tatu hataki kumwona getini bila sare nzima. Muhula wa tatu ndio wenye mtihani.

Madam aliuliza: je, kuna hitaji lolote nyumbani? Nikatafsiri.

Mama Awino alitabasamu. "Hapana, tuko sawa. Mungu ni mwema. Mwambie erokamano, asante sana." Kisha akanitazama.

Nililielewa lile jicho. Kwetu mtu hajililii mbele ya mgeni. Unasema uko sawa, halafu mwenzako aliyeketi kando anakohoa na kusema: huyu anaona haya, lakini ngoja niwaambie. Ndivyo shida inavyosemwa bila mwenye shida kuvuliwa nguo. Alikuwa amemaliza sehemu yake. Zamu ilikuwa yangu.

Nikatafsiri kilichosemwa tu.

Nilikuwa nimekwisha kulivunja sharti moja kwa kujionyesha, sasa nikalishika lile jingine kwa woga. Ningeweza kuyageuza, nifunge mdomo Jumatatu na kuufungua Jumanne, hilo ndilo linaloniuma.

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu vya mavazi ya familia: duni, wastani, nzuri. Madam aliitazama suti ya buluu, akamtazama Awino na magoti yake, akaninong'oneza, "Weka nzuri." Nikaweka. Mwandiko wangu ulikuwa safi kabisa. Njiani alinishukuru, akasema amefurahi kuona watu wameinuka, kila nyumba ina chupa ya chai. Si mtu mbaya. Aliona alichoonyeshwa.

Leo asubuhi kamati ilisoma matokeo. Huduma imefanikiwa sana upande wetu, kwa hiyo sare za muhula huu zitakwenda Awasi, kwenye uhitaji zaidi. Watu walipiga makofi. Tulipigia makofi kunyang'anywa kwetu.

Awino alinivuta hadi ukutani tusome orodha pamoja. Niliisoma mara mbili, kwa kidole, kana kwamba sikujua.

"Labda wamesahau," nilimwambia.

Huo ndio uongo wa pekee niliosema wiki nzima kwa mdomo. Mwingine wote niliuandika.

Mama yake alikuwa nyuma yetu. Hakunikemea. Laiti angenikemea. Alisema polepole, kama mtu anayeuliza njia, "Lakini si ungesema, mwanangu? Nilikuachia wewe."

Nilitazama viatu.

Nilipomweleza Baba, alikunja gazeti. Alisema kamati inakutana tena Jumatatu kule Milimani, lakini nifikirie vizuri, maana fomu ina mwandiko wangu na nikienda kuikana nitamfanya yeye aliyenipendekeza aonekane mwongo. Nikamjibu nitaandika barua. Nimeiandika kweli, kurasa mbili, Kiingereza kizuri. Nilipoisoma nikaona imejaa maneno kama "kutoelewana" na "mila". Hakuna popote ndani yake panapotajwa mtu aliyeandika "nzuri" akijua si kweli. Barua ni mahali pengine pa kujificha. Nimeichana.

Nitakwenda kwa mguu, niseme. Nitawaambia kuhusu koti. Nitawaambia kuhusu chupa, hata kama Mama Okello hatanisalimia hadi Krismasi. Sijui kama itamrudishia Awino sare. Huenda vitambaa vya sare vimeshakatwa. Sijui hata kama sauti itatoka, mbele ya wale akina mama na vikombe vyao.

Kwa hiyo nimekuwa nikijaribu sentensi ya kwanza hapa chumbani: "Mimi ndiye niliyejaza fomu ya Mama Awino, na nilichoandika si kweli." Mara ya kwanza ilitoka kama mnong'ono. Mara ya pili ilikatika katikati. Mara ya tatu Mama aliniuliza kutoka jikoni ninaongea na nani.

Nimerudia tena, kwa sauti zaidi.