Mgombea Aliyekataa Kuahidi Kisima

Mama,

Nimeshindwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo kabla hata ya kuitikia salamu. Uchaguzi mdogo wa kujaza kiti chako umeshapita, na mwenyekiti mpya wa kijiji si mimi Somoe wako. Ni Salumu seremala. Ndiyo, Salumu yule yule. Tulia, nitakueleza mpaka mwisho.

Sisi wengine wazima. Mpunga wa bondeni umeshavunwa, na wenzetu wa Mahurunga wamepata kuliko sisi. Mikorosho inatoa maua, watu wanapulizia dawa, kijiji kizima kinapiga chafya. Meza yako ya chai pale njia panda naiendesha mimi. Wateja wanakula viazi vyangu vya porini, ming'oko yangu, wananyamaza, na mimi najua maana ya ule ukimya wao. Hakuna anayesema kwamba yako ilikuwa mitamu zaidi. Wananihurumia.

Ninachokikosa zaidi, mama, ni ubishi wako. Nyumba imekuwa na adabu mno.

Ulikuwa ukisema serikali ifanye mambo machache, iyafanye sawasawa, na kwingine kote ituache. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno ya mtu aliyeudhiwa tu. Kisha siku moja, tukiwa tunamenya muhogo, ukanisimulia habari za babu kule Nanyamba: jinsi mgambo walivyomkalisha juani, mtu mzima, mbele ya wanawe, kwa kuwa alibeba korosho zake mwenyewe kwenda kwa dada yake bila kibali. Wewe ulikuwa unatoka kuchota maji ukamkuta pale chini. Hukuisimulia tena, nami sikuuliza. Lakini tangu siku hiyo, kila ulipobishana na mtu wa ofisini nilimwona babu amekaa nyuma yako, kwenye lile vumbi.

Unakumbuka daraja? Kijito kilikuwa kimeikata njia ya shule, watoto wanavuka maji kiunoni, na kila tukiuliza tunaambiwa mpango upo. Ukawakusanya wanawake, mkalaza magogo ya minazi. Afisa akaja na pikipiki, akasema daraja halina kibali, liondolewe mpaka wataalamu waje kulikagua. Ulikuwa umesimama kwenye tope mpaka magotini, khanga umeifunga kibwebwe. Ukamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, jengeni nyie. Kama hamjengi, tupisheni."

Akacheka, maskini. Alikuwa kijana mzuri tu. Akageuza pikipiki, na kuanzia hapo ukawa Bi Tupisheni. Uchaguzi wa kijiji ulipofika, wanawake wa daraja ndio waliokutoa nyumbani ugombee uenyekiti.

Ulipokalia kiti, jambo la kwanza ukafuta kibali cha ngoma. Ukasema watu hawaombi ruhusa ya kufurahi. Mama, tulikoma! Spika zikapigwa kijiji kizima, kila mtu ana shughuli. Ulikuwa na macho mekundu kama yetu, lakini ulikataa kurudisha kibali. Ukachukua chupa ya chai, ukaenda kwa wale vijana mmoja mmoja, ukakaa nao, ukawauliza mama zao wanalalaje. Zikapungua. Hazikuisha, ila zilipungua. Ulirudi umejawa na furaha kama bibi harusi. "Unaona?" ukaniambia. "Mtu akiheshimiwa hujitawala."

Na mimi nikaamini, karibu yote.

Kisha kikaja kipindupindu.

Hili sijawahi kulizungumza nawe mpaka mwisho, kwa hiyo nivumilie. Mimi mhudumu wa afya, pamoja na mganga wa zahanati, tulikujia mchana umekaa mezani pako. Nikakuambia, "Mama, toa amri. Chakula cha barabarani kifungwe leo. Shughuli zote zisimame leo." Ukanitazama kana kwamba nimekuambia uite mgambo. "Nitawaambia, Somoe. Hawa si ng'ombe. Wakielezwa wataelewa." Ukaanza na wewe mwenyewe, ukaimwaga chai yako na ming'oko yote shimoni. Ukaenda nyumba kwa nyumba mpaka sauti ikakukauka. Na wengi, haki yao wapewe, walielewa.

Ila kule juu palikuwa na karamu ya jando, wali umeshapikwa. Uliwaomba, wakakuitikia naam mama, naam mama. Ulipowapa mgongo wakapakua. Salumu alikwenda pale na binti yake, Mwajuma. Unajua alivyoletwa zahanati. Tulimtundikia dripu, tukampa na maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, mimi nimemshika kichwa. Alikata roho kabla gari halijafika.

Tulipotoka makaburini ukatoa amri. Ulisimama njia panda mwenyewe, hukumruhusu mtu hata kuuza embe lililokatwa. Hatukuzika mwingine. Na jikoni, huku umenipa mgongo, ukasema, "Nilidhani serikali ndogo maana yake ni kungoja. Ndogo si iliyolala, Somoe. Mimi nililala."

Nilitaka kukushika. Sijui kwa nini sikukushika.

Ulikwenda kwa Salumu peke yako, hukutaka hata mimi nikusindikize. Ulirudi ukajilaza mchana, wewe ambaye hukuwahi kulala jua likiwaka. Sikukuuliza mlichosema.

Watu walidhani hutagombea tena kitu chochote. Ukagombea udiwani, kiti cha kijiji ukiwa bado umekikalia. Nilikasirika, mama, nilikuona huna haya. Ukanijibu kwa ile sauti ya kufafanulia wateja bei: "Nikinyamaza, watu wataamini amri ndiyo dawa ya kila kitu. Kesho watamkalisha mtu juani."

Mwenzako kwenye kampeni aliahidi kisima, akaahidi lami, akaahidi wodi ya wazazi. Wewe ukapanda pale na kanzu yako ya Idi ukasema, "Kisima siwaahidi, fedha zake si zangu. Naahidi kwamba mkitaka kuchimba cha kwenu, hakuna atakayewazungusha ofisini. Na waliopewa kazi ya maji, nitawauliza kazi yao." Mgombea gani anakataa kuahidi kisima! Nilijificha uso kwa ushungi.

Hapo Salumu akasimama katikati ya watu. Hakupiga kelele. "Mama Somoe, unasema serikali ituache. Mwanangu mliyemwacha, yuko wapi?"

Uliweka kipaza sauti chini ukazungumza kwa sauti yako tupu. "Nilichelewa, Salumu. Ugonjwa unaoambukiza hauombwi. Ilinipasa kuamuru siku ile ile, sikuamuru. Sina cha kukurudishia. Lakini nyie wengine sitawadanganya: kosa langu hilo halitanifanya niahidi kuwatawala mpaka jikoni."

Hakuna aliyepiga makofi. Tulitembea kurudi nyumbani, wewe mbele, mimi nyuma, na niliona mabega yako yamekuwa madogo. Kura hazikutosha. Ulipoambiwa ulishukuru, ukamtumia mshindi chapati.

Sitaandika sana habari za presha, wala zile siku ulizougulia Magomeni kwa mama mdogo. Nataka kubaki na ule mchana nilipokuwa nakukanda miguu, ukaniuliza, "Haya ninayoyaamini, nawe unayaamini?" Nikasema si yote. Nilidhani utaumia. Ukatabasamu, jino lako lile la pembeni likaonekana. "Basi ukisimama, uwaambie hivyo hivyo." Kisha ukauliza nani anawapikia watu chai. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyoyasikia vizuri, mama. Chai.

Siku ya mazishi, jeneza la msikiti lilikuwa limelegea mguu. Wanaume wakawa wanahangaika kulifunga kamba. Salumu akaja na nyundo na misumari, akachuchumaa, akaligonga mpaka likatulia. Hakumsalimia mtu. Akashika pembe moja na kukubeba.

Ndiyo maana wakati wa uchaguzi nilishindwa kumchukia.

Nilisimama, mama, kama ulivyosema. Niliwaambia: "Mama yangu alitaka serikali ikae mbali. Mimi nataka ikae karibu, lakini ibishe hodi." Wanawake wa daraja walinipigia vigelegele. Wengine wakauliza niko upande gani hasa, na swali lao lilikuwa la haki. Salumu hakuzunguka. Aliahidi sheria na faini: vyoo, takataka, ngoma, mbuzi wanaozurura. Watu waliowahi kuogopa kifo wanapenda kusikia hivyo. Wakamchagua.

Nilikwenda kumpongeza kwenye karakana yake. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mafupi nikaondoka. Akazima mashine, akanionyesha kwa kidole pale penye vumbi la mbao.

"Mama yako alikaa hapo," akasema. "Baada ya msiba wa Mwajuma. Nikamfukuza. Akarudi kesho yake, nikamfukuza. Aliporudi tena nikampa kigoda."

Nikamuuliza ulisema nini.

"Alisema amekosa. Basi. Hakuniletea mkono wa pole, hakusema ni mipango ya Mungu. Nimewaona wenyeviti wengi, Somoe. Hakuna aliyewahi kuniambia, ‘Nimekosa.’"

Akageuka akapangusa uso kwa kiwiko. Na mimi, mama, nililia pale pale mbele ya mwenyekiti mpya, kikanitoka kilio ambacho hata matangani hakikutoka. Alinisubiri. Ndipo akasema jambo lililonifanya nikuandikie leo.

"Mimi bado nina hasira. Mtu mwenye hasira akipewa amri, atazidisha. Nikizidisha, njoo uniambie. Usitume mtu."

Nimeshakwenda mara moja. Alitaka kumtoza faini Bi Fatu, yule bibi asiyeona vizuri, kwa kuwa choo chake kimebomoka. Tulibishana mpaka wateja wake wakaondoka. Nikamuuliza faini hiyo Bi Fatu ataitoa wapi, na akiitoa choo kitakuwa kimesimama? Siku iliyofuata nilimkuta uani kwa Bi Fatu anapigilia mlango wa choo, vijana wanachimba. Sheria yake hakuifuta. Mlango nao ulikuwa mzuri. Sijui hapo alishinda yeye, ulishinda wewe, au alishinda Bi Fatu. Ungekuwepo tungebishana juu yake wiki nzima.

Haya, mama, wino wa kalamu umepauka na nina unga wa kukanda. Ijumaa nitakuja kung'oa majani juu yako nikusomee Yasini. Mola akupanulie ulipo, akutie mwanga, na malaika wakuulize kwa upole, maana najua utawajibu na wewe utawauliza.

Ahadi yangu ni hii. Salumu sitamwogopa, wala sitamchoka. Na uchaguzi ukirudi nitasimama tena, nami nitawaambia watu ninayoyaamini mimi, hata pale nisipokubaliana na wewe. Najua hapo ndipo utafurahi zaidi.

Mwanao anayekupenda,
Somoe