Mkono Mmoja wa Gauni

3 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi ni mzima, na hilo nataka lieleweke mapema. Anayeniandikia ni fundi viatu wa jirani. Nimemkataza kulainisha neno.

Binti wa kinyozi, mwanafunzi wako wa Kiingereza, alikuja hapa anacheka. Anasema uliandika ubaoni: "My grandmother used to sew." Nikamuuliza maana yake. Akasema hayo ni ya mtu aliyekuwa akishona zamani na sasa hashoni tena. Darasa zima likakariri. Mnaniimba kama marehemu, na kitambaa cha gauni lako la harusi nimeshakikata, kiko mezani! Nani kakwambia nimeacha?

Bibi yako

10 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Ule ulikuwa mfano tu. Maneno hayo, "used to", yana kazi nyingine: ukitanguliza "am", unasema umelizoea jambo na bado unalo. Niliwapa na huu: "I am used to my grandmother's scolding," yaani nimezoea kukaripiwa na bibi yangu. Huo hakukwambia?

Lakini nisikufiche. Ulimshonea kinyozi shati lenye mikono miwili ya kushoto. Nikaogopa. Gauni nimeagiza dukani.

Mjukuu wako

14 Machi

Mjukuu,

Salamu zako zimefika, nazirudisha zilivyo. Mgongo haukuhusu. Kinyozi analivaa shati lake na wateja hawajamkimbia. Wewe niliyekuvisha tangu nepi ndiye unayeogopa? Basi vaa hilo la dukani, usindikizwe na hao wanafunzi wako wa ubaoni. Harusini siji. Mcheza kwao hutunzwa. Mimi kwetu nafutwa kwa chaki.

Bibi yako

2 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu useme huji, wewe kimya. Gauni la dukani limefika. Linanikaba kwapani kama limekamata mwizi. Sikuombi ushone. Njoo tu harusini, hata ukae umenuna.

Mjukuu wako

9 Aprili

Hujambo, mwizi?

Kwenye mfuko uliokuja na barua hii mna gauni. Usihangaike kutafuta mkono wa kushoto, haumo, nimeuzuia hapa. Huo wa kulia nimeufumua na kuurudia mpaka macho yakatoa machozi, na kinyozi asijue. Ukiutaka wa pili, lete kwapa lako nilipime. Uzi utanitungia wewe sindanoni, mimi nishone.

Ila kabla hujatoka huko, futa ubao.

Bibi yako