Misumari Haikuwa na Kosa

Jumatatu, 11 Agosti. Matisi
Nimetengeneza bampa la tatu la gari tangu Ijumaa. Baridi ya Kitale haina adabu mwezi huu. Rezini, gundi ya kushikia faiba, imekaa kama uji, haitaki kushika. Nimeikoleza hadna, dawa ya kuigandisha, vifuniko viwili kwa kopo badala ya kimoja, ndipo ikakubali kukauka.

Simu ya Mzee Barasa kutoka Bungoma. Boti yake ya kuvushia watu mto Nzoia imelegea sakafu. Mama mmoja alikanyaga katikati akiwa na gunia la mahindi, mguu ukazama hadi gotini. Boti imetolewa majini. Watoto wa ng'ambo huvuka nayo kwenda shule, na shule zinafunguliwa tarehe 25. Bila boti ni kuzunguka hadi darajani, saa mbili kwa miguu.

Sakafu hiyo niliiweka mimi, miaka minne iliyopita. Nilimwambia Barasa itamzika. Lazima ameifanyia kitu.

Jumatano, 13 Agosti. Bungoma
Nimefikia kwa Mwanaidi, mdogo wangu. Ameniambia nimenenepa kabla sijatua mkoba.

Boti iko uani kwa Barasa, chini ya kibanda cha mabati, karibu na mto. Nimeigonga sakafu yote kwa mpini wa nyundo. Faiba, nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, ikiwa nzima hulia ko. Hii ililia pu karibu kila mahali.

Nikaona misumari. Sita, mirefu, Barasa amepigilia nayo miguu ya benchi sakafuni. Nikapandisha hasira. Nilimwuliza nani alimruhusu kutoboa faiba. Maji yanaingia hapo, mbao inaoza, sasa ona. Niliyasema hayo mbele ya mkewe, Nasimiyu, na mbele ya watu watatu waliokuja kuuliza boti itarudi lini.

"Ni mimi basi," akasema. "Si nilipiga misumari." Akavua kofia.

Nilijisikia vizuri. Naandika ukweli: nilijisikia vizuri sana.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeikata sakafu kwa grainda. Vumbi hadi kwenye kope. Plaiwudi ya chini imekuwa nyeusi, laini, naichota kwa mkono. Harufu ya choo.

Lakini kuzunguka misumari mbao ni ngumu. Niling'oa mmoja kwa shida. Hauna hata kutu.

Uozo umeanzia kingoni, pande zote, ukatembea kwenda katikati. Nikakwangua kipande cha ukingo. Hakina rezini. Mbao tupu.

Nakumbuka siku ile. Rezini ilikuwa inaniishia. Ilitosha kupaka kingo za plaiwudi au tabaka la juu, si vyote viwili. Nikachagua juu, panapoonekana. Nilitaka kufika Kitale mapema. Nikajiambia nani atachungulia huko chini.

Mimi ndiye niliyemzamisha yule mama. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 15 Agosti
Jua asubuhi, mvua alasiri. Nimeweka jiko la makaa ndani ya boti ili tumbo lake likauke.

Msikiti uko nyuma ya nyumba ya Mwanaidi, hotuba inasikika hadi jikoni. Ilihusu majirani. Nilishukuru haikuhusu mafundi.

Barasa anamweleza kila mtu. Leo amemweleza mwenye duka, mwalimu, na mgeni aliyesimama kuuliza njia ya Lwakhakha, kwamba aliiharibu boti yake mwenyewe. Vijana wa bodaboda wamempa jina, Mzee Misumari. Anacheka nao. Mimi nilikuwa napima plaiwudi mpya, nikajifanya sisikii.

Mwoga. Hilo ndilo neno lenyewe.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimeharibu tena.

Plaiwudi nilishaikata, inakaa vizuri juu ya mbavu za boti. Nikachanganya rezini ya kupaka kingo, kopo kubwa, vifuniko viwili vya hadna kama kawaida. Kawaida ya Kitale! Na hapa ni Bungoma, saa saba mchana, chini ya mabati, na joto huigandisha haraka. Sikumaliza hata ukingo wa kwanza. Kopo likanichoma mkono, likaanza kutoa moshi, nikalitupa nyasini likapasuka pa. Brashi imekuwa mfupa. Rezini iliyobaki haifiki nusu ya kazi. Siku tisa shule zifunguliwe.

Barasa alikuja mbio. Akatazama kopo, akatazama juu.

"Pole, fundi. Ni hii mabati yangu. Inachoma sana. Ningeezeka tu nyasi."

Hapo nikashindwa. Mtu atabeba makosa yangu mara ngapi? Nikamwambia yote, nikamwonyesha ukingo mtupu na msumari usio na kutu.  Aliuchukua msumari, akaelekea mtoni. Hadi naondoka hakuwa amerudi.

Jumapili, 17 Agosti
Barasa alinipita akienda kanisani, bila salamu. Nimestahili.

Nimeshinda nikisaga kwa grainda rezini iliyoungua ukingoni. Nasimiyu aliporudi aliniletea chai na viazi vitamu.

"Mzee amekasilika," akasema. "Rakini hajasema uende."

Nilikula vyote. Sikujua nilikuwa na njaa kiasi hicho.

Nimempigia jirani yangu wa Matisi anitumie rezini kesho asubuhi. Mwanaidi naye nimemwambia. Alinyamaza, jambo ambalo halijatokea tangu azaliwe. Kisha akasema, "Ai, dada. Na vile wewe huwa mkali kwa wengine." Nilikasirika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Ana haki.

Jumatatu, 18 Agosti
Rezini imefika. Barasa pia.

Kabla sijafungua kopo alisema kingo atazipaka yeye, kwa mkono wake. "Nifunze, bana. Ndio siku ingine tujue kama ni mimi ama ni wewe." Hakucheka. Nikampa brashi.

Safari hii tulianza asubuhi mapema, na tukajaribu kidogo kwanza kwenye kifuniko cha kopo, hadna matone tu, yeye ameshika saa. Dakika ishirini na tano kabla haijaanza kuganda. Inatosha. Miaka yote nimekuwa nikikisia kwa mazoea, sikuwahi kupima kwa saa.

Anapaka polepole kama mtu anayemlisha mtoto mgonjwa. Ukingo wa kwanza ulinichosha kutazama. Ukingo wa pili nikaanza kuupenda. Aligeuza ubao akauliza, na huku chini je? Huku chini mimi nisingepaka. Amepaka mara tatu.

Hajanisamehe, nadhani. Ila mchana alinisogezea kigoda.

Jumatano, 20 Agosti
Sakafu imelala mahali pake. Juu yake mkeka wa faiba, rezini, rola, mkeka mwingine, rola tena. Tabaka tatu. Mgongo umekatika.

Barasa anajikuna. Nilimwonya akoge maji baridi kwanza, avae mikono mirefu, hakusikia. Vumbi la faiba likiingia kwenye vinyweleo halina huruma. Nasimiyu amemfukuza kitandani, anasema amejaa upupu. Amelalia mkeka sebuleni. Leo alinisimulia mwenyewe, anajikuna tumbo, na mwishoni akacheka. Kicheko cha kwanza tangu Jumamosi. Nilicheka hadi machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Ijumaa, 22 Agosti
Jana mvua kutwa, sikuandika. Hakukuwa na kazi ila kutega ndoo pale mabati yanapovuja.

Leo sakafu ni ngumu. Barasa akachukua nyundo, akaigonga yote kwa mpini, shubiri kwa shubiri. Ko. Ko. Ko. Karibu na ncha ya mbele ikalia pu. Puto la hewa, dogo tu, upana wa kiganja. Lingeweza kukaa hapo miaka bila kuleta shida. Labda.

 Aliniangalia tu. Nikawasha grainda, nikalikata, nikalijaza upya. Saa tatu zimepotea na sioni uchungu wowote.

Jumamosi, 23 Agosti
Tumeishusha mtoni, watu wanane. Mto umejaa, maji ya kahawia.

Mmoja wa vijana akapaza sauti: "Mzee Misumari, niaje! Hii nayo usipige kitu!" Wakaangua kicheko. Barasa alicheka pia. Hakugeuka kunitazama. Alikuwa ameniachia niseme mwenyewe, na hilo ndilo lililouma.

Nikasema kwa sauti. Misumari haikuwa na kosa. Aliyeweka sakafu mbovu ni fundi, na fundi ni mimi. Nilishika ubavu wa boti.

 Kijana wa bodaboda akatazama viatu vyake. Yule mama wa gunia alikuwepo, kidonda cha gotini bado hakijafunga. Akanisogelea.

"Na hii je?"

Nikamwambia hii kingo zake amezipaka Barasa.

Akaingia wa kwanza.

Jumatatu, 25 Agosti
Niliamka mapema nikaenda kutazama. Watoto wa ng'ambo walivuka kwa safari nne, viatu mkononi, wakibishana nani akae mbele. Hakuna aliyetazama sakafu. Barasa alikuwa na shati safi. Baada ya safari ya mwisho niliipapasa yote. Matope na ganda la ndizi. Maji hakuna.

Tuliagana bila maneno mengi. Nasimiyu amenifungia kuku mzima, hai, nimesafiri naye.

Sasa niko Matisi. Njia nzima nilikuwa nikipitia kichwani kazi za mwaka ule. Mwezi uleule wa boti nilimtengenezea mkulima mmoja wa Cheptais sanduku la pikapu la kubebea maziwa. Plaiwudi ileile ndani, haraka ileile. Nimempigia simu jioni hii nikamwambia nataka kwenda kulikagua. Akasema sanduku halina shida yoyote, akauliza nataka kuja kufanya nini. Nikamwambia kingo zake sikuzipaka.

 Akasema niende kesho, baada ya maziwa ya asubuhi kuondoka.